Uchovu wa dialisisi: tusikubali kuambiwa tu kwamba "ni kawaida"

FundiWaKibuye

Hamjambo wote. Mimi ni fundi cherehani hapa Kisumu, kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye, na huu ni mwaka wa nne nikisafishwa damu kwa mashine, yaani dialisisi, baada ya figo kufa. Siku zangu ni Jumanne na Ijumaa. Nimefungua mjadala huu kwa sababu ya uchovu, ambao ulikaribia kunifungisha kazi.

Sizungumzii uchovu wa mtu aliyetoka shamba. Huyo hulala akaamka mzima. Wetu unalala nao na kuamka nao. Mwaka jana kuna Jumatano mteja aliniletea kitambaa cha sare za watoto watatu, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Nikaketi kwenye cherehani, nikashika uzi, nikaanza kutafuta tundu la sindano. Mkono mzito, kama umefungiwa jiwe. Nikajaribu mara saba, nane. Mke wangu alikuja akanitoa uzi mkononi bila kusema neno, akautia yeye, akarudi jikoni. Nilishona mfuko mmoja, nikalaza kichwa mezani. Nilipozinduka adhuhuri ilikuwa imeshapita na nimelowesha kitambaa cha watu kwa mate.

Kwenye kituo nilikokuwa nikienda wakati huo nililalamika. Jibu: "Mzee, hiyo ni kawaida ya dialisisi." Nikalalamika tena, jibu lile lile. Nikaliamini karibu nusu mwaka mzima. Ni kweli, wengi wetu tunachoka. Lakini hata homa ni kawaida huku kwetu ziwani, na hakuna anayekwambia uiache bila kupimwa malaria.

Aliyenifungua macho ni daktari kijana wa kituo nilichohamia. Hakuuliza kama nachoka. Aliuliza: "Ukishuka kwenye mashine, inakuchukua muda gani mpaka ujione umerudi kuwa mtu?" Nikamwambia hadi jioni ya siku ya pili. Akauliza, na siku ya kuamkia mashine unakuwaje? Hapo nilikwama, sikuwahi kuzitenganisha siku. Akaniambia niandike kwa wiki tatu. Nikatumia daftari langu la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma: saa niliyochoka, nilichokula, nilivyolala, kilo nilizoingia nazo kwenye mashine na nilizotoka nazo.

Daftari lilionyesha kwamba nilikuwa na uchovu wa namna mbili. Mmoja nilikuwa nashuka nao kutoka kwenye mashine: kichwa chepesi, miguu pamba, usingizi wa kuvuta. Huo ulipungua kadiri siku zilivyosogea. Wa pili haukuwa na siku. Hata Alhamisi nilikuwa nahema kwa kwenda bombani na ndoo tupu. Huo wa pili ulikuwa damu.

Nilipimwa hemoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, ikawa 6.8, chini sana. Nikashangaa kwa sababu sindano ya kuongeza damu nilikuwa nachomwa. Akanieleza hivi. Mbali na kusafisha, figo hutoa homoni ya eritropoietini, karibu asilimia 90 ya ile mwili unayohitaji, na homoni hiyo ndiyo inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Figo zikifa, amri hakuna. Tena chembe za mtu mwenye figo nzima huishi siku 120 hivi, zetu hufa mapema. Ongeza damu kidogo inayobaki kwenye mipira ya mashine kila mara, na ile ya vipimo. Sindano huleta amri tu. Madini ya chuma yakikosekana, inafanana na kumwita fundi hodari kibandani wakati hakuna hata kipande cha kitambaa.

Kisha akaniuliza swali lililonishtua: "Unatafuna barafu?" Nilikuwa natafuna kila siku! Nilikuwa nanunua za shilingi kumi kumi, nikijua ni kiu kwa sababu tunabaniwa maji. Mke wangu akaongeza kwamba ameshaiona odowa mfukoni mwangu, yale mawe laini wanayouziwa akina mama waja wazito. Hamu ya barafu na udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma. Vidonge vya chuma nilikuwa navyo, lakini nilivimeza kwa chai ya rangi pamoja na kalsiamu, na vyote viwili huzuia chuma kuingia mwilini. Hata ningevimeza vizuri, kwa wagonjwa wa mashine tumbo hukipokea chuma kwa shida, kwa hiyo nikawekewa cha kwenye mshipa nikiwa juu ya mashine. Hamu ya barafu ikaondoka hata kabla damu haijapanda. Miezi miwili baadaye nilifika 10.1.

Wanalenga hapo kwenye 10 hadi 11 na kidogo. Msiwabane madaktari waipandishe hadi ya mtu mzima wa afya, kwa sababu kuisukuma juu sana kwa sindano huongeza hatari ya damu kuganda na kiharusi.

Naomba wengine mseme yenu, kwa sababu uchovu ule wa kwanza, wa kushuka nao, bado ninao kiasi.

BintiBusia

Asante sana kaka. Nimesoma nikamwona mama yangu. Ila yeye damu yake ni 10.4, na bado akitoka mashine ni siku mbili kitandani. Hali chakula, haongei, anatazama ukuta. Tunatoka Bumala usiku wa manane ili tuwahi zamu ya kwanza Kisumu. Kila mara anaingia amezidisha kilo 4, siku nyingine 5. Uzito wake wa kawaida ni 60. Juzi pressure ilishuka akiwa kwenye mashine hadi akazimia. Je, ni umri tu? Ana miaka 63.

MuuguziMstaafu

Mwanangu, pole kwa safari hizo. Nimefanya kazi kitengo cha figo miaka mingi kabla ya kustaafu, na jibu langu ni kwamba umri usiutupie lawama mapema.

Mashine huvuta maji kutoka kwenye damu. Maji yaliyo kwenye miguu na nyama lazima yarudi kwenye damu ndipo yavutwe, na kurudi huko kuna mwendo wake. Ukivuta haraka kuliko yanavyorudi, pressure inaanguka, na moyo, ubongo na misuli vyote vinakosa damu ya kutosha. Mgonjwa anashuka pale kama aliyepigwa. Kipimo kinachotumika sana ni kutozidi mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mpigie mama hesabu: kilo 60, saa 4, inakuja lita 3 na kidogo. Yeye anatolewa 4 au 5 kwa muda huo huo. Ndiyo maana ya ukuta anaoutazama.

Kuna njia mbili na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni apunguze anachoingia nacho, na hapo mkazo uwe kwenye chumvi kabla ya maji. Ukimlisha mtu chumvi halafu ukamnyima maji, unamtesa bure, kwa sababu kiu itamshinda. Angalia vile viungo vya mchuzi vya pakiti, angalia samaki wa kukaushwa kwa chumvi, angalia magadi kwenye mboga. Njia ya pili ni muda. Muulizeni daktari kama anaweza kukaa saa 4 na nusu au 5, au kuongezewa siku ya tatu. Polepole ndiyo inayomfaa.

Uliza pia kuhusu ule uzito anaotakiwa kutoka nao, mara ya mwisho uliangaliwa lini. Mtu akinenepa kidogo na uzito ule ukabaki wa zamani, mashine itakuwa inavuta maji ambayo hayapo. Akikonda, anabaki na maji ndani na watu wanasema amenawiri. Dawa za pressure anazimeza asubuhi ya mashine? Usizikatize wewe, lakini uliza, zipo zinazoweza kusogezwa hadi jioni. Na kama pressure yake huanguka, asile mlo mzito akiwa kwenye mashine, damu nyingi hukimbilia tumboni. Kuna vituo hupunguza pia joto la maji ya mashine hadi nyuzi 36 hivi, na wagonjwa wengine hushuka wakiwa na nguvu zaidi. Si jambo la gharama. Ulizeni.

FundiWaKibuye

Shikamoo mama. Hapo kwenye muda umenigusa. Kile kituo changu cha kwanza kilikuwa kikinitoa baada ya saa 3, saa 3 na robo, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Nami nilifurahi kwenda nyumbani mapema! Sikujua kwamba nabaki na uchafu. Tuhesabu: wiki ina saa 168, na figo nzima haipumziki hata moja. Tangu enzi za NHIF, ile bima ya afya ya taifa ya zamani, wengi wetu huku tumezoea mara 2 kwa wiki, yaani saa 8. Sehemu nyingi duniani mpango wa kawaida ni mara 3, saa 12. Ukimega hata nusu saa kwenye 8 zako, umejinyima kitu kikubwa.

Dalili zangu zilikuwa chakula kutonipendeza, mdomo kunuka kama mkojo asubuhi, mwasho, na uchovu. Kuna kipimo cha damu kabla na baada ya mashine kinachoonyesha urea imeshuka kwa kiasi gani. Angalau asilimia 65 ndiyo inayotakiwa. Mimi nilikuwa 52. Sasa kila mwezi naiuliza ile namba, na sikubali kutolewa kabla ya saa zangu kwisha.

MamaVihiga

Mimi nataka kuwaonya watu wa kwetu kuhusu jambo moja. Mume wangu alikuwa anaishiwa nguvu miguuni, hasa Jumapili na Jumatatu asubuhi, maana mashine yake ni Jumatatu na Alhamisi. Tukafikiri ni ule uchovu wa siku zote. Jumatatu moja alishindwa kuinuka chooni, tukambeba watu watatu. Moyo wake ulikuwa unapiga polepole vibaya sana. Hospitali wakasema potasiamu imepanda, wakamkimbiza moja kwa moja kwenye mashine. Alipona kwa neema ya Mungu.

Tuliulizwa vyakula. Ndizi hali, parachichi hali, nilikuwa nimeshafundishwa. Nikakaa nikafikiri, nikakumbuka musherekha. Kwetu mrenda na kunde haziivi bila musherekha, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe. Majivu hayo yamejaa potasiamu! Nilikuwa nachuja vizuri, naweka kwa mapenzi, mboga inalainika, kumbe namwua. Hakuna mtu wa lishe aliyewahi kuniuliza kuhusu musherekha, kwa sababu haimo kwenye zile karatasi zao. Sasa mboga yake naikata ndogo ndogo, naichemsha kwa maji mengi, namwaga yale maji, halafu ndiyo naikaanga. Musherekha nimeiacha kabisa kwenye sufuria yake.

MuuguziMstaafu

MamaVihiga, Mungu akubariki kwa kulisema hilo. Wasomaji washike tofauti hii: uchovu unaokuja polepole kwa wiki nyingi unaweza kusubiri siku ya kliniki. Miguu kulegea ghafla, moyo kuruka au kupiga polepole, kushindwa kupumua ukilala chali, huko ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama siku yako ya mashine ni kesho. Na ile chumvi ya dukani inayouzwa kwamba ni salama kwa pressure, someni pakiti. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

MtotoWaLuanda

Kwa nini msijaribu bitiruti? Shangazi yangu alikuwa anakunywa juisi yake kila asubuhi na damu ilipanda. Pia mtu akiongezewa chupa mbili za damu anaamka siku hiyo hiyo. Haya mambo ya sindano ni pesa tu.

FundiWaKibuye

Ndugu, nakuelewa, nami bitiruti nimeinywa. Wekundu wake ni rangi ya mmea tu, haina uhusiano na damu. Shangazi kama figo zake ni nzima haitamdhuru. Sisi wa mashine bitiruti ina potasiamu nyingi, unarudi kule kule kwa MamaVihiga.

Damu ya kuongezewa inaokoa maisha, na ikishuka vibaya au mtu akiwa anatokwa na damu, apewe. Nilipewa mwaka wa kwanza. Lakini kila chupa inaweza kuufundisha mwili kupigana na miili ya watu wengine, na mtu anayengoja kupandikizwa figo anaweza baadaye kukosa figo inayomkubali. Ndugu yangu mdogo amejitolea kunipa yake. Kwa hiyo nailinda sana hiyo nafasi.

Jambo jingine la huku kwetu: malaria. Mara mbili sindano ilionekana haifanyi kazi na damu ikashuka kutoka 10 hadi 8, na kumbe ni malaria ya chini chini. Wenzetu walio na katheta, ule mpira wa kupitishia damu, shingoni au kifuani wawe macho pia. Ukiwekwa kwenye mashine ukaanza kutetemeka kwa baridi, waambie papo hapo. Maambukizi yakiingia, hata kama hujaanguka kitandani, mwili hukificha chuma chake na sindano ya damu haishiki.

MwalimuWaNjoro

Nawasalimu kutoka Nakuru. Nilikuwa mwalimu wa msingi, mashine huu ni mwaka wa saba. Yote mliyosema niliyapitia na nikatibiwa, damu ikawa nzuri, maji nikajifunza, na bado nilikuwa nimechoka. Nataka kusema kuhusu usiku.

Kila nikilala miguu ilikuwa inatambaliwa na kitu. Si maumivu. Ni hamu ya kuinyoosha, kuikunja, kuinuka. Nilikuwa natembea sebuleni saa nane ya usiku kama mlinzi. Asubuhi nimechoka, mchana nasinzia, usiku tena macho. Nilimeza dawa za mwasho ambazo hulewesha, zikanizidishia uzito wa kichwa. Niliposema hatimaye, niliambiwa hali hiyo inajulikana vizuri kwa watu wa figo, na inatibiwa. Mume wangu naye alisema nakoroma kisha nakata pumzi kabisa. Nalo lina tiba. Miaka miwili sikulisema kwa sababu niliona aibu kumwambia daktari mambo ya kukoroma.

Halafu kuna moyo wenyewe. Nilikuwa sitaki kuoga, sitaki simu, hata wajukuu wakija naingia chumbani. Watu wa kanisani walisema amechoka, mwacheni apumzike. Kumbe nilikuwa na huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa. Sisi wa mashine tunapatwa nayo sana, na inafanana na uchovu kama pacha. Nilipata mshauri nasaha, nikapata na dawa. Sioni haya kuandika hivyo.

Kingine kilichonisaidia sikukiamini mwanzoni. Nilianza kutembea. Hadi getini na kurudi, siku zisizo za mashine. Wiki ya kwanza nilijuta. Baada ya miezi mitatu nafika dukani. Misuli ya kulala kitandani inakwisha, na ikikwisha kila kitu kinakuwa mzigo.

Kama kuna mwenye sukari humu, baba yangu mdogo alikuwa anaishiwa nguvu saa kumi jioni, anatoka jasho, tukadhani ni mashine. Sukari ilikuwa imeshuka hadi 2.6. Insulini hukaa mwilini muda mrefu figo zikifa, na dozi yake ilikuwa ile ya zamani. Mpimeni wakati ule ule anapolegea.

BintiBusia

Mwalimu, mama yangu hali kabisa siku ya mashine. Nimpe nini? Tuliambiwa apunguze nyama.

MuuguziMstaafu

Kupunguza nyama ni ushauri wa kabla ya mashine, na watu wengi huendelea nao kimakosa. Akishaanza mashine mambo yanageuka. Kila kipindi kinampotezea gramu 6 hadi 12 za vijenzi vya protini kupitia kichujio, kwa hiyo sasa anahitaji zaidi, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo yake kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Kipande kizuri cha samaki, ngege au mbuta, kitampa 20. Ugali na mchuzi pekee havitamfikisha. Omena, yaani dagaa, ni protini nzuri lakini analiwa na mifupa yake, fosforasi inakuwa nyingi, kwa hiyo awe wa mara moja moja. Siku ya mashine mbebee yai la kuchemsha na kipande cha mkate, ale akishashuka na pressure imetulia, kabla hamjapanda matatu. Safari ya Bumala kwa tumbo tupu inamchosha hata mzima.

BintiBusia

Narudi baada ya wiki tano kuwaletea habari.

Nilinunua daftari. Daktari alipoliona aliketi nalo. Wamemwongezea nusu saa kila kipindi, na dawa moja ya pressure imesogezwa usiku. Magadi na viungo vya pakiti nimevitoa jikoni kabisa, tunapika kwa ndimu, kitunguu na dania. Wiki mbili za kwanza alisusa chakula akisema ninampikia kama mgonjwa. Sasa anaingia na kilo 2 na nusu, siku ya sherehe ya mazishi ya jirani alifika 3. Hajazimia tena. Uzito wa kutoka nao wameubadilisha, kumbe alikuwa amekonda na hatukuona.

Chuma chake bado hakijapimwa, kifaa hakikuwepo, tumeambiwa turudi mwezi ujao. Barafu hatafuni, nimemuuliza.

Siku ya mashine bado analala akifika. Lakini jana, siku ya pili yake, nilikuta ametoka nje mwenyewe, ameketi chini ya mwembe na karai, anachambua kunde nilizokuwa nimeziacha. Akanigombeza kwamba nilichuma pamoja na mabua. Aligomba muda mrefu, kwa sauti, nami nikasimama pale nikimsikiliza.